Kundi la simu la ukoo wa Bombo na Kibuli: filta ya petroli ya Kikumi

IJUMAA

Musa: Assalam aleikum nyote. Mjomba Rajabu, nina swali. Kikumi, Corolla yangu, imeanza kukosa nguvu. Barabara ikiwa tambarare inakwenda vizuri, lakini nikianza kupanda mlima wa Kibuli inashtukashtuka, nikizidi kukanyaga inataka kuzima. Nikiachia kidogo inarudi.

Sauda: Waaleikum salaam. Juzi ilituzimikia katikati ya mlima na watoto ndani, boda zinatupita kushoto na kulia. Mjomba msaidie, mimi sipandi tena.

Mjomba Rajabu: Waaleikum salaam wanangu. Plagi na nyaya zake zimeangaliwa?

Musa: Ndiyo mjomba, plagi ni mpya. Filta ya petroli haijaguswa. Fundi anasema niipeleke aipulize kwa kompresa.

Mjomba Rajabu: Asiipulize! Ndani mna karatasi iliyokunjwakunjwa. Ukiipuliza kwa nguvu inachanika, na uchafu iliouzuia miaka yote unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli zinazorushia injini petroli. Nunua mpya.

Mjomba Rajabu: Na dalili hizo ni zake hasa. Kwenye tambarare injini inataka petroli kidogo, hata filta iliyoziba inapitisha. Mlimani inataka nyingi, haipati. Na pampu nayo inaumia kwa kusukuma mahali palipoziba.

Musa: Nimeshanunua mpya leo, soko la vipuri la Kisekka. Nataka kuibadilisha mwenyewe kesho hapa uani. [picha]

Mama: Musa, petroli nyumbani? Kesho watoto wote wapo.

Mjomba Rajabu: Dada, ni kazi ya kufanyika nyumbani, mimi nimeifanya uani kwangu Bombo tangu ninunue Corolla ya kwanza. Lakini ina adabu yake. Ngoja nimwandikie.

Mjomba Rajabu: Musa, hiyo yako ni ya nozeli, si ya kabureta. Zile za kabureta zina kifilta kidogo cha plastiki na mipira miwili, unafungua vibanio basi. Hii ina presha ya karibu bar 3, inapita upepo wa tairi lako. Ukilegeza bolti presha ikiwa ndani, petroli inakurukia usoni na juu ya injini. Kwa hiyo presha kwanza, spana baadaye.

Hassani: Ni rahisi tu. Anachomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa nozeli, anaiacha injini izime.

Mjomba Rajabu: Hapana Hassani. Fyuzi ya EFI inakata umeme wa kompyuta pia, injini inakufa papo hapo na presha inabaki ndani. Inatakiwa pampu isimame lakini injini iendelee kula petroli iliyomo kwenye paipu. Mimi huinua kiti cha nyuma, nachomoa soketi ya pampu, nawasha injini mpaka inajizimikia. Napiga stata tena kidogo. Halafu natoa waya wa hasi wa betri. Hata hapo matone hayakosi, weka mkebe na kitambaa chini ya filta.

Hassani: Ahsante mjomba, hilo la kompyuta sikulijua.

Mjomba Rajabu: Dada, kesho sigiri ya makaa isiwashwe hapo mpaka nitakaposema. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini. Sigiri hata ikiwa upande wa pili wa ua utaifuata.

Mama: Na sambusa za watu? Nina oda ya maulidi.

Mama Zubeda (jirani): Njoo ukaangie kwangu mama. Ukuta wetu ni mrefu, na watoto waje nao.

Mama: Mungu akubariki jirani.

Mjomba Rajabu: Musa, anza kazi injini ikiwa baridi. Asiwepo mvuta sigara. Kama una mtungi wa unga wa kuzimia moto uweke karibu, kama huna weka ndoo ya mchanga. Maji yasitumike, petroli inaelea juu yake na moto unasambaa. Taa ya waya usining'inize hapo, tumia tochi. Vaa na miwani.

JUMAMOSI

Musa: Mjomba, injini imejizimikia, betri nimetoa. Bolti ya juu imelegea. Nati ya chini imegoma, nikisukuma naona paipu yenyewe inajipinda.

Mjomba Rajabu: Simama hapo hapo. Usiizungushe paipu, ikipasuka utalala bila gari. Tumia spana mbili: moja ishike filta isizunguke, nyingine ifungue nati. Na hiyo ya nati isiwe spana ya mdomo wazi ya kawaida, inakula pembe. Iko ile inayozunguka nati karibu yote, yenye pengo dogo la kupitisha paipu. Baba wa Zubeda anayo, alikuwa fundi wa matatu.

Mama Zubeda (jirani): Ninayo hapa, kijana anaileta.

Musa: Imefunguka! Paipu nzima.

Mjomba Rajabu: Alhamdulillahi. Sasa usitupe ya zamani. Mimina iliyomo kwenye chupa nyeupe, kupitia upande ulioingiza petroli kutoka kwenye tangi.

Musa: [picha]

Sauda: Ya Rabi, hiyo ni petroli au chai?

Musa: Nyeusi, na chini yake kuna tope jekundu. Kuna na tone kubwa jeupe limekaa chini, nikiinamisha chupa linateleza peke yake, halichanganyiki.

Mjomba Rajabu: Hilo jeupe ni maji, na tope jekundu ni kutu. Vyote vinatoka kwenye tangi. Tutalirudia hilo. Filta mpya ina mshale, utazame upande wa injini. Wosha zimekuja ngapi?

Musa: Mbili, za shaba.

Mjomba Rajabu: Moja juu ya jicho la paipu, moja chini yake. Za zamani usizirudishe, zimeshalala kwa umbo la bolti, zitavujisha. Nati ya chini ianze kwa vidole mpaka iingie vizuri, ndipo spana.

Musa: Nimefunga. Niwashe?

Mjomba Rajabu: Bado. Rudisha soketi ya pampu na betri. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Fungua, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kupiga stata. Pampu itaanguruma, presha itajaa injini ikiwa imelala. Kama panavuja utaona kabla ya cheche yoyote ya plagi.

Musa: Pampu inasikika. Juu kuna unyevu kuzunguka bolti.

Mjomba Rajabu: Funga ufunguo. Usiikaze kwa hasira, utakata bolti, ina tundu katikati. Usiwashe injini panapovuja: toa kile kiwaya na waya wa betri, funika bolti kwa kitambaa, legeza polepole presha itoke, tazama wosha zimekaa katikati.

Musa: Ya chini ilikuwa imeegemea upande. Nimeiweka sawa, nimejaribu tena. Nimepitisha karatasi ya chooni pande zote, kavu.

Mjomba Rajabu: Toa kile kiwaya. Funika boneti ukisubiri harufu iishe? Hapana, iache wazi, upepo upite. Ndipo uwashe.

Musa: Imewaka! Nimepanda mpaka msikitini na kushuka, haikushtuka hata mara moja. Nimetazama tena ikiwa moto, kavu.

Sauda: Mashallah kaka!

Mama: Allah awalinde. Sigiri je?

Mjomba Rajabu: Vitambaa vyenye petroli vitoke uani kwanza, usiviweke jikoni. Harufu ikiisha, washa dada.

Mjomba Rajabu: Musa, sasa tangi. Lenye kutu litaiziba na hiyo mpya. Acha petroli ya madumu ya barabarani, na usiendeshe mpaka taa ya akiba iwake, tangi tupu linatoa jasho na kushika kutu. Jumapili ijayo lete gari Bombo likiwa na petroli kidogo tu, tulishushe tangi tulioshe.

Musa: Nitakuja mjomba. Nije na nini?

Mjomba Rajabu: Dumu la chuma la kuwekea petroli, na Hassani. Tangi halishushwi na mtu mmoja.

Hassani: Nipo.