London mwezi wa saba: Tube, basi, boti au miguu, kipi kinafaa?

Begi_Moja:
Wakuu habari zenu. Mwisho wa mwezi wa saba nashuka London na bi mkubwa pamoja na dogo wangu wa miaka tisa, tutakaa siku tano halafu tunaendelea kwa dada Birmingham. Tunalala karibu na Paddington. Nimesoma mpaka kichwa kimechoka, kila mtu anasema lake, huyu Tube (treni za chini ya ardhi), huyu yale mabasi ya watalii yaliyo wazi juu, mwingine ananiambia baiskeli. Sasa bi mkubwa magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi, na dogo ukimtembeza sana anaanza kudai njaa. Tunataka Tower of London, Big Ben, jumba la mfalme, Greenwich na makumbusho moja mawili. Mliofika mnasemaje?

kondakta_mstaafu:
Basi jekundu la kawaida mkuu, usihangaike. Nauli ni moja tu popote unapokwenda, na ndani ya saa moja tangu upande la kwanza unaweza kubadilisha mabasi mengine bila kukatwa tena. Cash hawapokei tangu 2014, unagusa kadi ya benki unapopanda basi, kushuka hugusi. Dogo hana miaka kumi na moja kwa hiyo anapanda bure. Mabasi yote yana mlango wa chini na kibao cha kiti cha magurudumu, bi mkubwa hatapanda ngazi hata moja labda atake kwenda ghorofani. Panda namba 15 kutoka Trafalgar Square mpaka Tower, unapita Fleet Street na St Paul's, wewe na dogo mbele kule juu mnaona kila kitu. Namba 9 nayo inapita kando ya Hyde Park na Royal Albert Hall. Hiyo ndiyo city tour yenyewe, wengine wanalipia bei mbaya kuona barabara zilezile.

MamaPacha:
@kondakta_mstaafu nakubali nusu. Mimi mama mkwe nilimpandisha basi la watalii siku ya kwanza na sijutii, amekaa tu anasimuliwa kwenye spika za masikioni, hakuna kuulizana hii ni nini ile ni nini, na akichoka hashuki. Ila msidanganyike na lile neno la kushuka na kupanda popote. Kiangazi foleni ya kupanda tena kwenye vituo vikubwa ni ndefu, lile tulilopanda sisi mchana lilikuwa linapita limejaa tunabaki tunalipungia mkono. Halafu juu hakuna paa, jua linakuwakia utosini, kofia ni lazima. Lichukulieni kama mzunguko mmoja wa kupata picha ya mji, kama usafiri wa siku nzima ni hasara.

Reli_Damuni:
Naona watu wanaikwepa Tube, sawa, ila Tube siyo kitu kimoja. Kuna zile za ndani kabisa ardhini, Central na Bakerloo, mahandaki ni membamba, treni hazina AC, na udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki umefyonza joto la treni kwa zaidi ya miaka mia hauna tena pa kulipeleka, kwa hiyo nje mnaweza kuwa poa kabisa ndani mkatoka jasho. Hizo mkizikwepa mwezi wa saba hamtakuwa mmekosa kitu. Lakini Circle, District, Metropolitan na Hammersmith & City zina treni kubwa zenye AC, zinapita juu juu tu. Na Elizabeth line iliyofunguliwa 2022 ndiyo usiseme, ina AC na vituo vyake vyote vina lifti.

Sasa nyie mko Paddington, mmebahatika sana. Circle peke yake bila kubadilisha inawapeleka South Kensington (makumbusho), Westminster (Big Ben ukitoka tu iko mbele yako) na Tower Hill. Safari nzima ya kwenu karibu iko kwenye mstari mmoja! Kwa magoti ya mama, tafuta ile ramani ya TfL (mamlaka ya usafiri ya London) inayoonyesha alama ya kiti cha magurudumu, Westminster na Tower Hill zina lifti, vituo vingine vya zamani ni ngazi tu. Covent Garden usimpeleke kwa Tube, lifti ikijaa mbadala wake ni ngazi 193.

Na msiogope sana joto, Julai ya kawaida pale mchana ni nyuzi ishirini na kitu. Ile ya 2022 Heathrow ilipofika 40.2 ilikuwa balaa la peke yake.

kiatu_chepesi:
Mmesahau miguu. Ramani ya Tube inawadanganya wageni, Harry Beck alipoichora ile iliyotoka 1933 hakujali umbali halisi, alijali mistari inyooke isomeke. Ndiyo maana mtu anashuka ngazi, anasubiri, anapanda treni kutoka Leicester Square kwenda Covent Garden, wakati ni mita kama 260, ungeshafika na umenunua maji. Kwangu mimi kitu bora kuliko vyote London ni South Bank jioni, unaanzia Westminster Bridge unafuata mto, London Eye, Tate Modern, Globe, Borough Market mpaka Tower Bridge, kama kilomita nne, hakuna gari hata moja linalokusumbua na jua linazama karibu saa tatu usiku. Bi mkubwa siyo lazima amalize yote, benchi ziko nyingi na mabasi yapo ukipanda tu madarajani.

Begi_Moja:
Aisee asanteni, hii ya Circle sikuijua kabisa. Baiskeli je? Na Greenwich?

kiatu_chepesi:
Zile baiskeli za kukodi za mjini, za Santander, futa. Kukodi ni miaka 18 na kuendesha ni kuanzia 14, dogo hahusiki.

pwani_kwa_pwani:
Greenwich nenda kwa boti jamani, na rudi kwa DLR, ile treni nyepesi ya mashariki ya mji. Boti unapandia Tower baada ya kumaliza kule, inapita chini ya Tower Bridge, halafu Canary Wharf, unashukia gatini na Cutty Sark ile meli ya 1869 iko palepale. Bi mkubwa atafurahi kuliko basi lolote, upepo wa mtoni na siti. Kadi ileile inafanya kazi ila kumbuka boti haihesabiwi kwenye kikomo cha nauli za siku, na bei yake iko juu, ndiyo maana nasema kwenda tu. Kurudi DLR haina dereva kule mbele, dogo akae siti ya kwanza kabisa atajiona yeye ndiye anaendesha. Vituo vyote vya DLR havina shida ya ngazi.

Tatizo moja, Observatory (jumba la kutazamia nyota) iko juu kilimani na kile kilima siyo mchezo kwa magoti. Mama abaki chini National Maritime Museum, kuingia bure, nyie mpande mkapige picha kwenye meridiani, ule mstari wa longitudo sifuri.

MamaPacha:
La kadi hamjamwambia vizuri. Kila mtu mzima awe na kadi yake, huwezi kugusa mara mbili kwa kadi moja kuwalipia watu wawili. Na ukiingia Tube kwa simu toka kwa simu hiyohiyo, ukichanganya simu na kadi mfumo unaona watu wawili ambao hawajamaliza safari na unawakata nauli ya juu wote. Kama benki yako inakata makato ya fedha za kigeni, chukua Oyster, kadi ya usafiri ya London unayoijaza hela, nauli ni zilezile. Dogo akiwa na wewe Tube pia ni bure, piteni ule mlango mpana.

Reli_Damuni:
Nyongeza, siku za kazi saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni nauli ya Tube inapanda na watu wanabanana. Tokeni hotelini saa nne.

Begi_Moja:
Ila saa nne si tutachelewa askari wa jumba la mfalme wakibadilishana zamu?

kondakta_mstaafu:
Ile shughuli inaanza saa tano lakini siyo kila siku, angalia kalenda yao, na pale uzioni watu wamejipanga mapema sana, bi mkubwa atasimama saa nzima aone kofia tu. Bora mkae barabara ya The Mall, ile inayoelekea jumbani, muwaone wakipita. Kama mama anataka jumba lenyewe, kiangazi wanafungua vyumba vya ndani, kata tiketi mtandaoni sasa hivi. Asubuhi unayoenda Tower ndiyo uwahi, mlango ukifunguliwa nendeni moja kwa moja kwenye vito vya taji, mengine baadaye, maana ikifika saa sita ile foleni haina pa kukaa.

Begi_Moja:
Sawa mkuu. Tower wanaruhusu kuingia na chakula? Naulizia dogo.

MamaPacha:
Vitafunwa ndiyo, kuna benchi za nje. Beba na chupa tupu ya maji.