Naomba ushauri: mapumziko mafupi Muscat pamoja na mama

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Mwezi Januari, inshaallah, nitasafiri na mama yangu kutoka London kwenda Zanzibar, nasi tutapitia Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako tutalala usiku mmoja na kuondoka jioni ya siku inayofuata. Mama ni mtu mzima na magoti yanamsumbua, kwa hiyo sitaki kumzungusha mji mzima. Nataka apumzike, atazame bahari, na azungumze Kiswahili na Waomani wenye asili ya Unguja, jambo analolitamani kuliko majengo yote.

Ninafikiria mtaa wa Matrah, kwa kuwa barabara ya pwani, soko na bandari viko karibu karibu, ingawa uwanja wa ndege uko mbali, upande wa Seeb. Je, tulale Matrah, au mtaa wa Qurum, penye ufukwe mpana na utulivu zaidi? Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, una viwanja vikubwa sana: anayetumia kiti cha magurudumu huhudumiwaje? Naomba pia kuelekezwa mahali panapopikwa samaki wa nazi na mkate wa mofa.