Naomba ushauri: kumpeleka mama Meridian, Mississippi bila gari

Habari zenu ndugu. Niko Atlanta, na mama yangu yuko hapa kunitembelea kutoka Bomet. Ameomba jambo moja tu: aone mji wa "Chemirocha". Wazee wa Kipsigis mnaelewa. Ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Meridian aliyefanya kazi ya breki kwenye treni, akafariki 1933. Sahani zake za santuri zilifika kwetu, jina likageuka Chemirocha, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba. Mama anauimba wimbo huo akichambua mboga, nami nikiusikia koo linanikaba.

Meridian ulianza 1860 pale reli mbili zilipokutana, na Februari 1864, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini likauchoma. Ndiko alikozaliwa pia James Chaney, kijana aliyeuawa 1964 akipigania haki ya weusi kupiga kura. Kaburi lake ningependa sana mama alione.

Treni ya Crescent hutoka hapa kila siku kupitia Birmingham hadi Meridian. Kwa barabara ya I-20 ni kama kilomita 470, lakini sina gari, na mama magoti yanamsumbua.

Aliyewahi kufika anisaidie: ukishuka stesheni, teksi zinapatikana? Makumbusho ya Rodgers, na Highland Park kwenye farasi wa mbao wanaozunguka, mzee atafika bila kutembea sana? Na usiku mmoja unatosha, au nipange mbili?