Idadi ya watu mkoani ikiongezeka, biashara mpya nazo huongezeka kwa uwiano huo huo?

Mwanachuo_Uchumi
Wakuu, ninaandaa andiko kuhusu mabadiliko ya idadi ya watu mikoani na uanzishwaji wa biashara mpya. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu takriban milioni 2.08 mwaka 2012 na milioni 3.09 mwaka 2022, ilhali Kilimanjaro ilitoka milioni 1.64 hadi milioni 1.86 tu. Je, nitakosea nikichukulia kwamba biashara mpya zilifuata mwelekeo huo huo?

FremuMtumba
Mkuu, idadi peke yake haitakufikisha mbali. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, walioanza kunufaika huku Ihumwa na Mtumba, unapojengwa mji wa Serikali, walikuwa wafyatua tofali, wauza kokoto, wenye maboza ya maji na akina mama lishe waliowafuata mafundi. Saluni, maduka ya dawa na shule za chekechea zilikuja baadaye, nyumba zilipopata wakaaji. Tena wapo watumishi waliohamia peke yao, familia zikabaki Dar es Salaam. Sensa humhesabu mtu kama huyo hapa, kwa kuwa ndipo alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, lakini ada na matumizi ya nyumbani anayalipia kule. Nasi wenye fremu tulipoona watu wanamiminika tulipandisha kodi, tukadai ya miezi sita kwa mkupuo, na naamini wapo waliokuwa na mtaji mdogo wakaishia kupanga bidhaa chini barabarani.

Mangi_wa_Rombo
Kilimanjaro nayo usiipime kwa waliobaki. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi havigawiki tena, vijana wakaondoka, na wengi wamefungua maduka Kariakoo, Arusha na hata huko kwenu Dodoma, kwa hiyo mkoa unaokua polepole unazaa waanzilishi ambao biashara zao huhesabiwa kwingine. Desemba wanaporudi, bucha na baa huuza kweli kweli, lakini mauzo ya wiki mbili hayamfanyi mtu afungue duka jipya. Aliyepo huongeza mzigo tu.

Takwimu_Kwanza
Nyote mmegusa mambo ya msingi. Ninaongeza la vipimo. Orodha ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, haitakutosha, kwa sababu kampuni inaweza kuwa na anwani ya Dar es Salaam huku ikifanya kazi zake mkoani, na mama lishe wa Mtumba huenda hayumo kabisa. Afadhali leseni za biashara za halmashauri, ingawa nazo huwaacha nje wadogo. Angalia pia kipi kilitangulia. Geita ilitoka watu milioni 1.74 hadi milioni 2.98 katika miaka hiyo kumi, na wengi walivutwa na dhahabu pamoja na biashara zilizoizunguka, kwa hiyo ukilinganisha idadi ya watu na ya leseni za mwaka mmoja, hutajua kipi kimezaa kipi. Linganisha leseni za mwaka husika na ongezeko la watu la miaka iliyotangulia, kisha watenge wenye umri wa kufanya kazi, kwani watoto wengi huongeza wateja wa sare na madaftari kabla ya kuongeza wafanyabiashara.