Wenye kempingi huku Ontario, Kanada, wametugeuza shamba la bibi, kempa yangu lakini wenye kauli ni wao

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie, na uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Kwa mlioko Bongo, au mlioko huku ila hamjawahi kuingia kwenye haya mambo: kempa ni kile kijumba cha magurudumu, ndani kina vitanda, jiko la gesi, friji na choo, unakivuta na pikapu. Wengine wanazurura nacho, sisi wenye watoto na kazi za shifti tunakodi kiwanja kwenye kempingi pembeni ya ziwa tunakiacha pale msimu mzima, Ijumaa ukitoka kazini unawapakia watoto mnaenda mnakuta kila kitu kipo. Kwetu msimu unaanza mwanzoni mwa Mei unaisha wikendi ya Thanksgiving, ile Jumatatu ya pili ya Oktoba, baada ya hapo maji yanafungwa kabla barafu haijapasua mabomba na geti linapigwa kufuli. Yaani unalipia mwaka unatumia miezi mitano na kitu, hilo sina ugomvi nalo, ndio baridi ya huku.

Sasa sikieni. Wikendi ya Labour Day, sikukuu ya wafanyakazi ya huku, Septemba 2025, tumefika na mama watoto tunakuta barua imebandikwa mlangoni kwa selotepu. Ada ya msimu ujao inatoka dola 3,450 inaenda 4,700, na hapo HST, kodi ya mauzo ya huku, ya asilimia 13 bado, ukiijumlisha unapata 5,311. Dipoziti dola 1,000, hairudishwi kwa sababu yoyote, mwisho tarehe 15, yaani wamekupa wiki mbili za kufikiria. Halafu kule chini, kwa maandishi yale yale kana kwamba ni jambo dogo, eti kuanzia msimu wa 2027 kempa yoyote iliyozidi umri wa miaka 15 haitapewa mkataba. Yangu ni ya 2009. Maana yake nilipe zaidi ya dola elfu tano nikae msimu mmoja wa mwisho kisha niondoke, au niondoke sasa hivi kabla geti halijafungwa.

Nilienda ofisini nikiwa mpole kabisa. Nikamuuliza yule meneja, dada, hii sheria ya miaka 15 sababu yake nini, kempa yangu haivuji, paa nimelipaka silanti ya kuziba nyufa mwenyewe, njoo ulione. Akanijibu ni "muonekano wa kempingi". Sawa. Halafu hapo hapo akanipa kipeperushi, eti nikaangalie zile mpya zilizopangwa pale getini, kuna mkopo, na ukinunua kwao kiwanja chako kinabaki. Mnaona mchezo? Mzee wa zamani aliyekuwa anamiliki hii sehemu aliuza kwa kampuni, na hiyo kampuni biashara yake ni kuuza kempa. Hawataki ada yetu hawa, wanataka tununue za kwao. Muonekano gani wakati jirani yangu wa upande wa kulia ana kempa imeota ukungu wa kijani ubavu mzima na haguswi kwa sababu ni ya 2015 na aliinunua kwao!

Mtaniambia si uuze. Niuze vipi? Mkataba unasema ukiuza kempa ikiwa kiwanjani wao wanachukua asilimia 10, na mnunuzi lazima wamkubali, na sasa mnunuzi mwenyewe akisikia ina msimu mmoja tu anakupa bei ya chuma chakavu. Deki, lile jukwaa la mbao la nje ya mlango, niliyoijenga mwenyewe kwa mbao zile zilizotiwa dawa, ngazi, reli na kila kitu, barua inasema ama niibomoe niondoe hadi msumari wa mwisho ama niiache iwe yao. Kibali cha kuijenga nilikilipia kwao hao hao.

Na kuihamisha si kazi ndogo kama watu wanavyodhani. Kempa ina futi 31 na kilo kama 3,200, na huku trela ikifika kilo 1,360 lazima iwe na breki zake zinazofanya kazi, pikapu ya kuivuta nayo iwe na kontrola ya breki, kile kifaa cha kuamrisha breki za trela. Juzi nikapiga magoti kuangalia tairi. Ubavuni kuna namba nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa, zangu zinasoma 1809, hazijawahi kubadilishwa tangu kiwandani kwa sababu kempa haikuwa inakwenda popote, na mpira umepasuka nyufa kama visigino vya mtu aliyepiga peku kiangazi kizima. Ukiingia nazo Highway 400 kwa mwendo wa pale zinapasuka kabla hujafika Barrie. Kwa hiyo tairi nne mpya, bearing zipakwe grisi upya, breki zikaguliwe, mtu wa kuvuta, na sehemu ya kuiweka. Wenye kempingi hayo yote wanayajua. Ndio maana wanakupa wiki mbili, wanajua umeganda.

Na kingekuwa ni hicho tu ningenyamaza. Tumenyonywa kidogo kidogo siku zote. Umeme tunalipa kwa mita juu ya ada, sawa, lakini umeme wenyewe uko wapi? Julai joto limekaba kila mtu kawasha AC, nikachomeka kile kipimo kidogo kwenye soketi kinasoma volti 103 badala ya 120, kompresa inaunguruma inajaribu kuwaka inashindwa inajaribu tena, mwisho nikasikia harufu ya plastiki. Kutoka nje naenda kuchomoa plagi ya ampea 30 kwenye nguzo yao, pini moja imekuwa nyeusi na plastiki pembeni yake imeyeyuka imeshikana na soketi. Nikaibeba hadi ofisini. Jibu: plagi ni mali yako, nunua nyingine. Soketi je? Soketi "itaangaliwa". Mpaka leo inaangaliwa.

Gari la kunyonya majitaka linapita Alhamisi, dola 25 kila wakifyonza tanki la choo, na wiki ikiruka hakuna anayeomba radhi wala anayepunguza bili. Mgeni ni dola 12 kwa kichwa. Shemeji yangu alikuja na familia kutoka Ottawa kula nyama choma saa chache tu, getini wakahesabu mpaka mtoto wa mgongoni! Kufunga maji kabla ya baridi, kupuliza mabomba kwa kompresa na kumimina ile dawa ya pinki ya kuzuia barafu, ni kazi ambayo mimi naifanya mwenyewe asubuhi moja na dawa inauzwa bei chee kila duka la vifaa, sasa hivi lazima umtumie fundi wao, dola 180.

Kuna watu wanasema nenda kwenye sheria. Nimeenda. Hapa ndipo damu inapochemka. Nyumba ninayopanga Hamilton, mwaka 2025 mwenye nyumba haruhusiwi kunipandishia zaidi ya asilimia 2.5 bila kibali, na lazima anipe notisi ya siku 90. Huku kempingi wamepandisha asilimia 36 kwa karatasi ya selotepu na hakuna wa kuwauliza, kwa sababu sheria ya upangaji ya Ontario ya 2006 imeyatoa nje makazi ya msimu, na kempingi na viwanja vya trela vimetajwa humo kwa jina. Wewe si mpangaji. Una ruhusa tu ya kutumia kiwanja, na ruhusa ikiisha imeisha, ukibaki unaitwa mvamizi. Jirani yangu bibi mmoja Mkanada, mjane, yupo pale toka marehemu mumewe akiwa hai, wametandika matofali na kupanda maua, naye kapewa barua ile ile. Kempa yake ni ya 1998. Alikuwa amekaa kwenye ngazi anaisoma mara ya pili, mimi sikujua hata nimwambie nini nikamsaidia tu kubeba mtungi wa gesi.

Ninachotaka kwenu wadau ni vitu vya maana, siyo pole. Kuna mtu aliyewahi kuwapeleka hawa watu Small Claims, mahakama ya madai madogo, kudai gharama ya deki au vifaa vilivyoungua kwa umeme wao, akatoka na kitu? Kuna Mbongo au Mkenya mwenye shamba upande wa Barrie au Orangeville anayeweza kunipa nafasi ya kuiweka mpaka Mei, nalipa kila mwezi? Na wale tulio kempingi moja, najua mpo humu watatu au wanne, tusilipe hiyo dipoziti mmoja mmoja kimya kimya, tuongee kwanza.

EDIT: Jamaa anayesema hela hiyo ningejengea Kigamboni, kaka kiwanja Kigamboni ninacho, watoto wangu wataogelea Kigamboni kila Jumamosi wakitokea Hamilton? Acha utani.

EDIT 2: Aliyeuliza kwa nini nisisubiri huenda wakabadilisha mawazo: nimeshapata tairi, zinafungwa Jumamosi. Bado mtu wa kuvuta. Mwenye pikapu ya tani moja yenye kontrola ya breki na plagi ya pini saba anicheki inbox, mafuta yangu na siku yako nailipia, ila iwe kabla ya Thanksgiving kwa sababu hawa wakishafunga lile geti wanaanza kuhesabu ada ya kuhifadhi.