Buyoya aliachia ikulu mara mbili. Je, hilo linamsafisha?

Mleta mada, Mwanga

Habari za jioni wadau. Burundi ikitajwa tu vijiweni hapa Kigoma, hakosi mtu wa kusema kwamba Pierre Buyoya alikuwa mwanajeshi wa aina yake kwa sababu alijua kuondoka. Rais Micombero aling'olewa na Bagaza 1976, Bagaza akang'olewa na Buyoya 1987. Wote watatu ni watu wa Rutovu, kule Bururi, lakini huyu wa tatu ndiye aliyetoka ikulu kwa miguu yake, tena mara mbili. Naiweka mezani tuijadili. Msimamo wangu nautoa mapema: sifa hiyo mimi simpi.

Kwa waliozaliwa juzi, nieleze kidogo. Septemba 1987 Bagaza yuko Quebec kwenye mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa, huku nyuma Meja Buyoya, kijana wa miaka 37, akachukua nchi. Agosti 1988 zikazuka ghasia za kikabila Ntega na Marangara, kaskazini mwa Burundi, jeshi likazizima kwa kuua raia wa Kihutu kwa maelfu. Baada ya hapo akalegeza, au alilegezwa na kelele za wafadhili, sijui tuite vipi: akamteua Adrien Sibomana, Mhutu, kuwa waziri mkuu, katiba ya vyama vingi ikaja 1992, na Juni 1993 ukafanyika uchaguzi. Yeye mwenyewe akagombea. Melchior Ndadaye akamshinda kwa takriban asilimia 65 ya kura. Buyoya akakubali matokeo, na Julai 10 akakabidhi.

Wengi wakifika hapo wanapiga makofi na hadithi inaishia hapo. Mimi nauliza, alikabidhi nini hasa? Ikulu, magari na mhuri. Maofisa walibaki walewale, vikosi vilevile, jeshi ambalo karibu lote lilikuwa la Watutsi. Oktoba 21 mwaka huohuo, miezi mitatu na siku chache tu baada ya kuapa, Ndadaye alichukuliwa na askari akauawa kambini. Rais aliyechaguliwa hakuwa na kikosi hata kimoja cha kumtii usiku ule! Anayeachia kiti huku bunduki zimebaki mikononi mwa watu walewale hajaachia kitu.

Mfanyabiashara, Kibirizi

Mkuu, umeandika vizuri ila umemhukumu mtu kwa kosa la askari wengine. Angekuwa na tamaa asingeitisha uchaguzi kabisa. Hapa Afrika wangapi walishindwa na kura zikageuzwa usiku? Yeye alikubali mchana kweupe.

Halafu mnasahau upande wetu. Aliporudi kwa mapinduzi Julai 1996, nchi jirani zilikutana Arusha mwisho wa mwezi uleule zikaiwekea Burundi vikwazo, na Mwalimu Nyerere akiwa ndiye msuluhishi. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba mizigo hapa mwaloni. Mpaka umefungwa, mafuta hayaruhusiwi kwenda, lakini kila aliyekuwa hapa anajua madumu ya petroli yalipita. Yanapangwa chini ya boti, juu nyavu za dagaa, juu ya nyavu wanakaa watu wawili wanaojifanya wavuvi. Dumu lililouzwa kwa bei ya kawaida Ujiji, ukivuka nalo linakupa mtaji. Waliotajirika ni wachache, sisi wa halali tulikula hasara mpaka vikwazo viliposimamishwa Januari 1999. Buyoya hakukosa mafuta ya gari lake hata siku moja.

Dada wa Kasulu

Kaka yangu wa Kibirizi, pole na biashara, lakini kuna watu ambao hasara yao haikuwa ya madumu.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la sita. Watu walianza kufika kijijini kwetu mwishoni mwa Oktoba, wengine wamepita porini siku kadhaa. Mama alipika ugali wa muhogo sufuria kubwa kabisa, lile la misiba, na kitu cha kwanza walichoomba kilikuwa chumvi. Hatukuhitaji mkalimani. Kiha na Kirundi tunasikilizana, kwa hiyo tulisikia kila kitu, hata ambavyo watoto hawakupaswa kusikia. Baadaye ndiyo yakaja makambi, Mtabila, Muyovosi, na kule Kibondo pia. Kuni zikaisha, bei ya mahindi ikapanda na kushuka kufuatana na mgao wa kambini, maneno ya ujambazi yakaanza. Tulibeba hilo zaidi ya miaka 20.

Na aliporudi 1996 hakuja kupumzisha watu. Serikali yake iliwatoa wakulima vijijini kwa nguvu ikawakusanya kwenye kambi za kuwalinda, ndivyo walivyosema. Mwaka 1999 pembezoni mwa Bujumbura walikusanywa watu zaidi ya laki tatu milimani, hakuna maji wala vyoo. Mandela alipochukua usuluhishi alilisema hilo hadharani. Kwa hiyo mkisema "aliachia", mwulizeni aliyekaa kule mlimani.

Mwalimu mstaafu, Kibondo

Wanangu, namuunga mkono mleta mada kwenye kipimo chake, lakini nitamgeuzia hichohicho.

Umesema tumpime mwanajeshi kwa jeshi, si kwa kiti. Haya, tuangalie mara ya pili. Mkataba wa amani wa Arusha ulisainiwa Agosti 28, 2000, na saini yake imo. Ndani yake kuna kifungu kwamba katika vyombo vya ulinzi kabila lolote lisizidi nusu. Kwa jeshi lile, hilo lilikuwa kama kumwambia mtu akate tawi alilokalia. Mwaka 2001 askari wake walijaribu kumpindua mara mbili, Aprili na Julai, wakimwona ameuza nyumba. Hata hivyo Novemba 1 akaanza kipindi cha mpito cha miezi 18, makamu wake akiwa Domitien Ndayizeye wa FRODEBU, chama cha Ndadaye, na Aprili 30, 2003 akamkabidhi. Tarehe ileile iliyopangwa, bila kuongeza hata wiki. Ndayizeye hakuuawa. Waasi wa FDD wakaingizwa jeshini, na 2005 ukafanyika uchaguzi.

Sasa kama 1993 unamnyima alama kwa sababu jeshi halikuguswa, 2003 lazima umpe.

Mleta mada, Mwanga

Shikamoo Mwalimu. Hiyo ni hoja nzito na sitaikwepa. Lakini 2003 hakuwa na njia. Alikuwa amebanwa na vikwazo mpaka 1999, na Nyerere mpaka alipofariki Oktoba mwaka huohuo, kisha Mandela, na vita imemfikia milango ya Bujumbura. Mtu akiwekwa kona akatoka, tusimwimbie kwamba alipenda kutoka.

Mwalimu mstaafu, Kibondo

Marahaba. Nionyeshe mtawala mmoja aliyetoka bila kubanwa.

Kijana, Kigoma Mjini

Wazee wangu, Toumani Touré wa Mali alipindua Machi 1991, hakugombea, akasimamia uchaguzi, Juni 1992 akamkabidhi mshindi, Konaré. Huyo ndiye rais wa mpito ninayemwelewa. Akarudi 2002 kwa kura kama raia. Buyoya kwanza aligombea akiwa ndani ya ikulu, na aliporudi alirudi na vifaru. (Ajabu ya dunia, Buyoya naye alimalizia kazi Bamako, mwakilishi wa Umoja wa Afrika kwa Mali na Sahel.)

Ila niseme na jingine. Wale wakimbizi wa 2015 waliorundikana Kagunga, kijiji cha mpakani, mpaka kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini, tukawapokea uwanja wa Lake Tanganyika, hao hawakumkimbia Buyoya. Walikimbia vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, mtu aliyeingia kupitia mkataba huohuo wa Arusha. Tusimtwishe mmoja mzigo wote.

Dada wa Kasulu

Hakuna aliyemtwisha wote mdogo wangu. Wa kwake peke yake unatosha.

Mfanyabiashara, Kibirizi

Na ile hukumu mbona hamuigusi? Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya Burundi ilimpa kifungo cha maisha kwa mauaji ya Ndadaye, yeye hayupo mahakamani. Alikana, akasema ni siasa. Akajiuzulu kazi yake ya Umoja wa Afrika ili ajitetee, Disemba 17 akafariki Ufaransa kwa Korona, wakamzika Bamako. Mtu hakusikilizwa. Mnataka tuitegemee hukumu ya namna hiyo?

Mleta mada, Mwanga

Mimi siitegemei, ndiyo maana sikuianza nayo. Kesi iliyosubiri miaka 27 na kusikilizwa mshitakiwa akiwa nje, chini ya serikali iliyopigana naye msituni, haiwezi kunimalizia swali. Sihitaji kuthibitisha kwamba alitoa amri. Hata kama usiku ule alikuwa amelala kwake, jeshi lililoua lilikuwa lile alilolilea na kuliacha vilevile.

Mfanyabiashara, Kibirizi

Basi jibu hili moja. Uchaguzi ulikuwa Juni 1, kukabidhi Julai 10. Ungekuwa wewe, ungelivunja na kulijenga upya jeshi zima ndani ya wiki sita, usipinduliwe kabla hata ya kumwapisha mwenzako?

Mleta mada, Mwanga

Alikuwa na miaka karibu sita, kaka, si wiki sita. Serikalini alimpata Sibomana wa kumweka mwaka mmoja tu baada ya kupindua. Kambini hakumfungulia mtu.