Naomba ushauri: kufundisha sarufi ya Kiingereza kwa habari za biashara ndogo

Wakuu, darasa ni la akina mama wa Ngamiani, Tanga, wakaanga samaki na wauza mihogo. Wanasoma aya ya sentensi sita kuhusu kazi hiyo, wanapigia mstari vitenzi, kisha wanaiandika upya wakibadili "I" kuwa "she". Hapo ndipo "she fry" inapojitokeza badala ya "she fries". Kiswahili huonyesha mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo jicho halifiki mwishoni, sembuse y kugeuka ies. Tatizo kubwa zaidi ni "sold" (aliuza) na "bought" (alinunua), vitenzi vya wakati uliopita: havifuati kanuni, na ndivyo wanavyovihitaji kila jioni kuandika mauzo. Je, nianze na hivyo, au nimalize kwanza wakati uliopo? Na "a" na "the" mnazifundishaje?